Daktari na Uchachu wa Uvimbe

Mgonjwa yeyote aliyemwambia Daktari kwamba anaumwa "kidogo" aliulizwa papo hapo: "Kidogo chako au cha mumeo?" Na wagonjwa wengi walikuwa wanawake, maana Mji wa Kale mzima uliujua mlango wake kuwa ni mlango wa wanawake. Waume waliwaleta, wakaketi barazani nje. Ndani hawakuingia. Niliyeingia nao ni mimi.

Nilikuwa mjane, nimeshawaoza wanangu wawili, na kazi niliyoifanya kwake kwa miaka yote ya vita vya pili vya dunia na michache baadaye haikuwa na jina. Wanawake wa mji wetu hawakuwa tayari kufunua kifua mbele ya mwanamume wakiwa peke yao, hata awe na mvi na miwani ya kamba. Basi Daktari alitaka pawe na mwanamke mtu mzima chumbani. Niliwavua buibui, nikasimama kichwani pao, nikawaulizia yale ambayo yeye akiyauliza wangeinama tu wakanyamaza. Kisha nikamrudishia majibu.

Sitasema alizaliwa wapi wala wazee wake ni nani. Yeye mwenyewe akiulizwa anatoka wapi alisema, "Juu," akainua kidole kuelekea ghorofani, alikoishi na mkewe. Alikuwa Muhindi, hilo lilionekana, lakini Kimvita chake kilikuwa cha mtu aliyecheza vichochoroni. Alikiharibu pale tu alipokasirika, maneno yakampanda juu juu, akachanganya na lugha ya kwao.

Na alikasirika sana. Hasira yake ilikuwa kwa waume. Nakumbuka bwana mmoja, mwenye duka la vitambaa, alimleta mkewe na donge la titi lililokwisha kupasuka. Harufu ilitangulia kuingia. Daktari alimtazama yule mama taratibu, akamsafisha mwenyewe, akamfunga bendeji kama anayefunga kitoto kichanga. Halafu akatoka barazani, na mimi nikiwa ndani na mgonjwa nikasikia sauti yake mpaka mwisho wa mtaa.

"Punda wako akichechemea wamngojea mwaka mzima?"

"Daktari, mwenyewe alisema haliumi."

"Halikuumi wewe! Wewe ulilala naye chumba kimoja, wala huna macho?"

Yule bwana aliinamisha kichwa. Mkewe aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona amtukana? Ni mimi niliyemficha." Nilimjibu kwamba Daktari hasemi na mumewe, asema na ugonjwa. Hilo lilikuwa jibu langu la siku zote, na sikujua kama lina ukweli.

Yule mama alipofariki, Daktari alikwenda kuzika. Alizika wagonjwa wake wote aliowajua. Alisimama nyuma kabisa ya watu, viatu mkononi, na dua ilipokwisha aliondoka bila ya kumpa mtu mkono. Matangani hakukaa. Harusini pia hakwenda hata akialikwa na nani. Mkewe ndiye aliyekwenda, akamsemea udhuru.

Watu walidhani mtu mkali namna ile atawafukuza wenye kutumia kombe, maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji yakanywewa. Wala. Mama akija na chupa yake ya maji ya zaafarani, Daktari alisema, "Kunywa, mwanangu. Maji ni mazuri." Waliokuja na chale mbichi juu ya uvimbe ndio waliomwona alivyo. Na siku moja maalimu mmoja alipomtuma binti yake kwetu kabla ya kumwandikia chochote, Daktari alishuka barazani akamshukuru kwa mikono miwili. Sijapata kumwona akimshukuru mtu mwingine hivyo.

Jambo lililomkaa moyoni kuliko yote lilikuwa asidi.

Ilianza, alivyonieleza, kwa majarida ya udaktari aliyokuwa akiletewa kwa meli. Kabla ya vita alisoma kwamba mabingwa wa Ulaya walikwisha kugundua jambo la ajabu katika uvimbe wa saratani: unakula sukari kupita kiasi na kuigeuza kuwa asidi. Vita vilipokaza, majarida yakawa hayaji, au yanakuja ya mwaka juzi yamelowa. Alibaki na yale aliyokuwa nayo, akayasoma hata yakachanika mikunjoni, na kwa kuwa hakuwa na daktari mwenzake wa kuzungumza naye, alizungumza na mimi.

Alasiri moja aliniita dirishani. Alikuwa ameacha kikombe cha maziwa pale tangu juzi, yamekatika. Akachovya kipande cha karatasi ya buluu, ile inayogeuka nyekundu ikikutana na kitu kichachu. Ikageuka.

"Mwili umejengwa kwa chembe ndogo, Bi Rukia, wazijua?"

"Umenambia."

"Chembe nzima yaipata sukari na hewa, yaiunguza mpaka haibaki kitu. Hii ya saratani ina pupa. Yaichoma nusu nusu, yaitupa, yataka nyingine. Kinachobaki ni asidi, hii hii ya maziwa haya."

"Na asidi hiyo yenda wapi?"

Alifurahi, kama mwalimu aliyeulizwa swali alilolingojea. Alinionyesha nyumba ya pili, upande wa pili wa kichochoro. Bomba lao la maji machafu lilitoka ukutani na kumwagikia kwa jirani, na chokaa ya jirani ilikuwa imebanduka, mawe ya matumbawe yako wazi, yanamong'onyoka.

"Ndani kwao kusafi," akasema. "Mikeka imekung'utwa. Uchafu wautia nje. Ukuta unaoliwa ni wa nani?"

"Wa jirani."

"Basi. Chembe ya saratani yafanya hivyo. Yaitoa asidi nje, nyama ya kando yaoza, nayo yapata nafasi ya kuingia." Akakitazama kikombe cha maziwa. "Lakini yenyewe haifi. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Yakaa katikati ya uchachu wake, na ndani kwake ni salama. Lazima pana mlango unaosukuma asidi kutoka wala hauirudishi. Mlango gani, sijui. Hakuna ajuaye."

Mjukuu wangu ni mwuguzi, na ameniambia kwamba siku hizi milango hiyo imeonekana, tena si mmoja, na ina majina. Nilimwomba ayataje. Aliyataja, nikayasahau kabla hajaondoka, lakini nilifurahi kuyasikia.

Na mtu huyo aliyekuwa adui wa asidi hakula wali bila ya achari ya ndimu. Nilimtania. Akanijibu akitafuna kwamba tumbo na damu ni nchi mbili, mtu anaweza kula ndimu gunia zima na damu yake isibadilike hata chembe, maana mwili hauchezi na damu. Chai yake aliitia sukari hata kijiko kikasita. Sukari ilipoadimika wakati wa vita alikuwa hasemezeki asubuhi.

Maneno yake juu ya sukari yalitoka nje, kama maneno yote ya chumba kile. Sijui nani aliyeyatoa. Tukaja kupata habari kwamba huko Kuze kuna mama mmoja mgonjwa wetu, mwenye uvimbe wa tumbo usioweza kukatwa, na wanawe wamemkataza sukari, tende, hata uji mtamu, ati wanaushindisha ugonjwa njaa. Daktari alichukua makopo mawili kutoka jikoni kwa mkewe, la sukari na la majani ya chai, akanambia nijitie buibui tutoke. Alitembea mbio hata nikawa ninamkimbilia.

Mwana mkubwa, fundi cherehani, alitupokea kwa adabu. "Karibu, Daktari. Mama amelala."

"Chai amekunywa leo?"

"Ya rangi, haina kitu. Twaogopa kuulisha ugonjwa."

Nilitazamia kelele. Hazikuwako. Daktari aliketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, pale pale jikoni, akaomba moto.

"Nisikilize, mwanangu," alisema. "Uvimbe hauli kikombeni. Hula damuni, na damu ina sukari hata mtu asipotia kitu kinywani. Mwili utaifanya wenyewe kwa nyama yake. Mkimnyima mama yenu, uvimbe hautalala na njaa hata siku moja. Atakayelala na njaa ni yeye."

Yule kijana alisimama mlangoni, mikono imemwanguka. "Basi tumemtesa bure."

"Mlimpenda vibaya. Lete kikombe."

Aliipika mwenyewe, akaimimina, akampelekea. Yule mama alikunywa macho yamefumba. Alikunywa chai ya sukari mpaka alipokufa, mwezi wa mfungo tatu, wa hija, na wanawe walimwachia sukari yote ya nyumba wakawa hawali wao. Daktari alizika, nyuma, viatu mkononi.

Mkewe nilimwita Bi Sakina. Hawakuwa na mtoto aliyeishi. Alikuwa mwanamke mpole mwenye kucheka kwa pua, mshonaji mzuri, na jioni, kazi ikiisha, ilikuwa desturi yangu kupanda juu kuketi naye kabla ya kwenda kwangu. Siku moja kabla ya adhuhuri, Daktari akiwa chini na mgonjwa wa macho, Bi Sakina aliniita chumbani kwake nimsaidie kupima kanzu ya harusi ya mpwa wake. Nilipomfunga vifungo vya kifuani akanizuia mkono.

"Ndoo hapa, sogea. Nitazame wewe, maana umeyaona mengi."

Alifungua. Titi la kushoto. Sikuhitaji kugusa. Ngozi ilikuwa imenywea, ina vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu imevutwa ndani. Niligusa nikakuta donge gumu limeshikamana, halisogei. Kwapani kulikuwa na mengine.

Niliketi kitandani pake bila ya kukaribishwa.

"Ni lenyewe?" aliuliza.

"Ni lenyewe, Bi Sakina. Lazima nimwambie sasa hivi."

"Mwambie wewe. Mimi sitaweza kumwangalia uso."

Nilishuka. Nilimngoja amalize na mgonjwa, nikafunga mlango, nikamwambia kama nilivyokuwa nikimwambia habari za wanawake wengine wote, upande gani, ngozi iko vipi, kwapani kuna nini. Alivua miwani. Hakuniuliza swali hata moja. Alipanda ngazi akiishika kwa mkono, na kliniki siku hiyo haikufunguliwa tena.

Alimpeleka hospitali kubwa, kwa mpasuaji aliyemwamini. Mpasuaji hakumficha: limeshika mbavu, limeingia kwapani, na maji yameanza kujaa pafuni. Kisu hakingemsaidia, kingemwongezea kidonda. Walirudi kwa gari la farasi, wameketi mbalimbali kama wageni, na Bi Sakina ndiye aliyeniambia hayo yote, maana Daktari aliingia kliniki akajifungia.

Alipotoka alikuwa na shauri. Kama uvimbe unaishi kwa kumwaga asidi, yeye ataizima asidi. Soda ya unga, ile ile wapishi wanayotia kwenye maharage, huua uchachu. Angempa kwa maji, mara nyingi, kidogo kidogo, mpaka mwili mzima uelemee upande wa pili, na uvimbe ukose hali yake. Alinieleza akizunguka chumbani, na macho yake yalikuwa ya mtu mwenye homa. Nilimwuliza kama imewahi kufanywa.

"Sijui. Majarida hayaji," akasema.

Bi Sakina alikunywa. Alikunywa asubuhi, mchana na jioni, akashikilia kingo za kitanda asitapike. Miguu ikamvimba, ladha ya chakula ikamtoka. Daktari alipima mkojo wake kwa karatasi, na karatasi ikaonyesha kwamba soda imefika, mkojo umeacha uchachu. Alinionyesha karatasi ile kwa furaha ambayo bado inaniumiza nikiikumbuka. Kisha akangoja juma zima, akachukua tena ile sindano nyembamba aliyomvutia maji siku moja kabla ya soda. Mimi nilisimama kichwani pa Bi Sakina, kama nilivyosimama kwa wote. Alichoma kando ya donge akavuta tone moja la maji ya manjano, akaliweka kwenye karatasi ya buluu.

Haikugeuka nyekundu kama ya ndimu. Buluu ilififia tu, ikaingia wekundu hafifu. Alichukua tone la damu ya mkono wake Bi Sakina, akalijaribu kwenye kipande kingine, halikufanya hivyo. Akarudia la uvimbe. Ikafifia vile vile, sawasawa na ilivyokuwa kabla ya soda.

"Umejiwekea hali yake," alisema kwa sauti ndogo. Hakuwa akisema na sisi. "Mwili wote nimeugeuza, wenyewe haukugeuka. Kadiri ninavyozima, unamwaga."

Alinyoosha mkono kuchukua bilauri ya soda ya adhuhuri. Bi Sakina akamshika kifundo.

"Baba," alimwita hivyo wakiwa peke yao, na siku ile alisahau kwamba nipo. "Nimeyanywa haya kwa sababu niliona wataka kufanya kitu. Umefanya. Sasa keti."

Aliketi. Bilauri iliwekwa chini. Tangu siku ile hakumpa kitu ila dawa ya uchungu, na dawa ya uchungu nayo ilikuwa adimu wakati ule, akaitafuta mji mzima kwa miguu yake. Sijapata kuona mtu akimwuguza mtu namna ile. Alimkanda, alimgeuza, alimsomea magazeti ya zamani akiyasoma kama ya leo, na akimsikia anapumua kwa shida anaacha kusoma, anakohoa kidogo, anaendelea. Pafu lilimjaa. Alikufa baada ya alfajiri, siku ya mvua, na nilimwosha mimi pamoja na dada zake. Donge lilikuwa gumu vile vile.

Daktari alisimama mbele safari hii, maana mfiwa hana budi. Alisimama kama mtu aliyevishwa nguo za mwingine.

Alirudi kazini baada ya siku za watu kuja kumpa mkono. Karatasi za buluu alizitupa, majarida akaniachia niwafungie wanawake dawa. Na kelele zikaisha. Waume walileta wake zao wamechelewa vile vile, na yeye akatoka barazani akawaambia kwa sauti ya kawaida kwamba hakuna la kufanya, akawapa pole. Mji ukasema Daktari amekuwa mpole, msiba umemlainisha. Mimi niliyekuwa ndani sikuona ulaini. Niliona mtu anayeogopa kusikia sauti yake mwenyewe. Miaka michache baada ya vita kwisha aliuza vyombo, akahamia Tudor kwa mpwa wake, na kazi yangu ikaishia hapo.

Mara ya mwisho nilimwona Makupa, miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa natoka kumzuru binti yangu bara, nimeshuka na mizigo, nikamwona ameketi kwenye ubao wa kituo cha basi, amekonda, shati limemzidi. Nilimwamkia. Alisimama kunipisha niketi.

"Bi Rukia. Uhali gani?"

"Alhamdulillahi, Daktari. Na wewe?"

"Nipo," alisema. Tukauliziana watu wa nyumbani, mmoja mmoja, kama desturi. Malori yalikuwa yakipita na vumbi lao. Halafu pasipo kunitazama akasema, "Nimekuwa nikitaka kukuona. Ulipokuja kuniambia siku ile habari za Sakina, mimi nilikuwa najua."

"Ulijua nini?"

"Mkono wangu ulilikuta kabla. Muda mwingi kabla. Amelala, nimemgusa, nikalihisi, kadiri ya harage. Nikautoa mkono. Nikajiambia ni tezi tu, wanawake wana tezi. Nikajiambia nitamtazama Ijumaa. Ijumaa ilipofika nikasema baada ya mfungo. Kila nikipanda ngazi nasema leo, nikimwona acheka nashindwa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lilikuwa dogo, Bi Rukia. Lingekatwa likaisha. Na mimi niko barazani nawatukana watu."

Basi la Tudor lilikuja likasimama mbele yetu, watu wakapanda, likaondoka.

"Yeye alijua?" akaniuliza. "Alijua kwamba najua? Wewe alikwambia mengi."

Kuna jambo ambalo Bi Sakina aliniambia siku ile ya kanzu, nami sikumwambia mtu, wala hapa sijalisema. Ningeweza kumwambia hapana, akaenda zake. Lakini miaka yote nilimsikia akiwaambia wanawake ukweli wa miili yao bila ya kuupunguza, na nikaona yeye naye hastahili kupewa kidogo.

"Alijua," nilisema. "Alinambia, 'Mume wangu ameshaligusa hili, akautoa mkono. Nikaona ameogopa. Nikasema nimwache mpaka awe tayari.'"

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, vidole vimepanuka.

"Alikasirika?"

"La, Daktari. Alikuonea huruma."

"Bora angekasirika," alisema.

Nilimwambia twende pamoja, nitamfikisha kwake. Alitikisa kichwa, akanishukuru, akanisaidia kuinua mzigo wangu hata ukakaa sawa begani. Nilivuka barabara nikageuka kumtazama. Basi jingine la Tudor lilikuwa limesimama pale, utingo anamwita, "Mzee, wapanda? Mzee!" Naye ameketi vile vile, hasikii.